Kanzu ya Chuma na Mikono ya Msimamizi

Mtumwa wangu Issa,

Mwandiko usikusumbue. Shule unajua niliishia la nne, mwalimu akaniambia Komba, kauze karanga, akili yako yote iko kwenye karanga. Halafu leo naandika nimevaa glovu. Ile nyeupe, yako. Kwa nini nimevaa nitakwambia huko mbele, maana nikianza nayo nitacheka, na shemeji Mwanahawa yupo hapa barazani anapepeta mchele, atadhani nimerukwa.

Nakuita mtumwa kama kawaida. Wewe umekufa, utani haujafa. Mimi Mngoni, wewe Mmwera. Kila asubuhi ulipopita kwenye meza yangu ya kahawa nilikukumbusha kuwa babu yangu alimkimbiza babu yako mpaka akapanda mkorosho, na wewe ukanijibu kuwa babu yangu hakuja kupigana, alitembea kutoka Songea na njaa yake kuja kuomba muhogo. Sasa hakuna wa kunijibu. Nimejaribu kujijibu mwenyewe. Hainogi.

Nimekuja na habari ya jina lako. Walilichafua ukiwa hai, ukaondoka nalo chafu, na mimi siku ile naona udongo unaingia nilijiambia huyu mtu hatalala na jina lile. Kaa vizuri nikusimulie.

Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuuliza mle karakana mnafanya nini hasa? Mtaa wetu mzima wa Mitwero ulikuwa unasema mnapika bomu. Ukacheka, ukachukua kikombe changu ukakipindua. Ukasema, Komba, ile mitambo ya gesi inayotupa umeme ina tanuri tumboni. Moto wa mle sio wa jiko lako. Vigae vya chuma vilivyopangwa mle vikiachwa uchi vinalainika kama samli juani. Kwa hiyo sisi tunavivisha. Kwanza fulana, unga wa chuma unaoshika vizuri. Halafu juu yake kanzu, unga mweupe, tunaurusha kwa bunduki ya moto mpaka unagandia. Kanzu nyembamba kama ganda la yai, na kazi yake moja tu, kuurudisha moto ulikotoka. Nikakuuliza, na kofia je? Ukasema kofia tunakutafutia wewe, kichwa chako kikubwa, unga hautoshi.

Na zile glovu. Mwenzangu, glovu zilikuponza kwa majina. Bwana Harusi. Daktari wa Chuma. Ulinieleza kuwa kigae kikishapigwa mchanga kwa upepo kikawa na mikwaruzo hakitaki tena mkono wa mtu. Mkono una mafuta hata ukinawa na sabuni ya kipande. Pale ulipogusa, kanzu haishiki. Leo utaona imekaa, ikikutana na moto inabanduka. Ukazoea mpaka nyumbani, shemeji akawa analalamika unashika sahani kwa kucha, unamnyanyua mtoto kwa viwiko. Nilisema huyu akioa mke wa pili atamposa kwa koleo.

Nacheka, acha ninywe maji kwanza.

Sasa ile siku ya wageni. Nitaisema yote, maana mimi nilikuwepo, na wewe unajua nilikuwepo. Chilumba, msimamizi wenu, aliniita niingie na birika langu niwahudumie wakubwa kutoka Dar. Na samaki wa kukaanga waliletwa, changu wazuri, na watu wakala kwa mkono, si ndio raha yake. Chilumba akalamba vidole kimoja kimoja. Kisha akawapeleka kwenye meza yako, vigae vimetoka kwenye mchanga vinasubiri kanzu, akanyanyua kimoja kwa mikono ileile. Akasema shikeni wenyewe muone uzito wake. Wakapokezana kama mtoto anatolewa nje siku ya arobaini yake. Yule mnene alifuta jasho kwanza, ndio akashika. Wakapiga picha, wakaomba kingine.

Wewe ulisimama na glovu zako. Wageni walipotoka ukasema taratibu, Msimamizi, hivi virudi kwenye mchanga. Akakwambia mchanga umekwisha, mzigo haujafika, vifute na kitambaa upige. Ukasema kitambaa hakitoi mafuta. Akakuuliza hapa msimamizi ni nani. Nilikuwa nakusanya vikombe, nikasikia neno kwa neno. Ukapiga. Ulikuwa na mkataba wa kuhesabu miezi na mtoto wa shule, ungefanyaje. Ulipiga umenuna kama mtu anayepaka chokaa nyumba ya adui yake.

Kanzu ikabanduka. Tena upesi. Moto ukala vigae, mtambo ukazimwa, na Chilumba akaulizwa. Ndipo akakusimamisha kwenye ule mkutano wenu wa asubuhi, uani pale, watu wote wamejipanga, akasema vigae vimeharibika kwa sababu Issa hunywa supu ya samaki na hanawi. Akasema inamvunja moyo kusema, lakini lazima aseme. Na wenzako wote waliokuwepo siku ya wageni wakaangalia viatu vyao. Saidi Mrefu, aliyevipiga mchanga vile vigae kwa mikono yake, aliangalia viatu kuliko wote.

Ukatoka getini na glovu mfukoni. Jina likakutangulia sokoni. Mikono ya Samaki. Fundi anatafuta kibarua, wanauliza yupi, yule Mikono ya Samaki? Basi tena. Mtoto wako Zuhura shuleni wakawa wanamnusa. Mtoto wa watu, wanamnusa mikono halafu wanaziba pua. Alikuja kwenye meza yangu akaomba sabuni. Siku hiyo ndio nilianza kumchukia yule mtu, Issa. Kabla ya hapo nilikuwa simpendi tu.

Na mimi nilisema. Nilimwambia kila anayekunywa kahawa kuwa Chilumba ndiye aliyeshika, nimemuona na mafuta ya samaki mpaka kwenye kifundo. Wakacheka. Wakasema Komba bwana, ana vituko huyu. Miaka yote nimewachekesha, siku nasema kweli wakashika mbavu.

Ukaenda kuchimba jasi huko Kilwa, ukuta wa shimo ukakufunika. Waliokuleta walisema ulikuwa mweupe mwili mzima. Kanzu hiyo nani aliyekuvalisha? Mimi namjua.

Haya, njoo kwenye mazishi. Uliyakosa, ingawa ulikuwa katikati.

Alikuja. Miwani nyeusi, shati la kampuni, bahasha ya rambirambi mkononi. Akajisogeza mbele kabisa kwenye jeneza, akashika mti wa mbele kulia ili aonekane. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba nalia. Nikanyanyuka, nikaingia ndani, nikamwambia shemeji nipe glovu za mume wako. Hakuuliza. Alizitoa chini ya mto.

Nikaenda kulala chali mlangoni, mwili mzima. Watu wakajua, mtani huyo. Hata waliokuwa wanalia wakaanza kutabasamu. Unajua taratibu, mtani akizuia maiti haitoki mpaka apewe anachodai, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Vijana wakanitupia sarafu. Nikazirudisha. Watu wakashangaa, haijawahi kutokea Mngoni akarudisha hela.

Nikasema, huyu mtumwa wangu ameshapigwa mchanga, ameoshwa, hataki kushikwa ovyo. Wote mliobeba nionyesheni mikono. Wakanionyesha, nikainuka nikanusa mmoja mmoja, huyu sawa, huyu sawa, huyu hakunawa lakini ni maskini mwenzangu, sawa. Nikafika kwa Chilumba. Nikanusa. Nikajiangusha chini nikajifanya nimezimia. Watu kicheko, kule barazani wanawake kicheko. Nikasema huyu ana changu. Changu wa siku ya wageni. Huyu akishika, maiti itabanduka.

Akatoa noti. Nikakataa. Akatoa nyingine. Nikasema Wamwera mna shida, mnadhani kila kitu muhogo. Maana na yeye Mmwera, Issa, mtani wangu vilevile kama wewe, kukasirika hawezi. Akabaki na meno nje kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Nikamwambia dai langu ni moja. Sema kwa mdomo wako nani alishika vile vigae.

Jua likawa linapanda. Shehe akatazama juu, akatazama saa, akasema kwa upole wake, ndugu Chilumba, mpe mtani haki yake tumsitiri mwenzetu. Sasa akaingia kwenye kona. Akasema kitu chini chini. Nikamwambia sisikii, masikio ya Mngoni yalibaki Songea. Akasema, nilishika mimi. Nikasema hata huko barazani hawajasikia. Akavua miwani, akasema kwa sauti, nilishika mimi, na wageni wangu, Issa hakushika.

Kicheko kikakatika. Nikasikia shemeji anaanza kulia upya, kilio kingine kabisa, sio kile cha asubuhi. Nikanyanyuka, nikajipangusa, nikampa glovu avae. Akavaa. Akakubeba amevaa glovu zako mpaka kaburini, na hapo hapo nikamvua. Nilidhani nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Baada ya wiki chache watu wakamuuliza, bosi, kumbe ulikuwa wewe? Akacheka. Akasema nyie hamjui mila? Ule ulikuwa utani. Yule chizi angetuweka mpaka jioni, nilisema ili tuzike. Maneno ya mtani hayana kesi, basi na majibu yake hayana kesi.

Na watu wakakubali. Ndio iliyoniuma. Wakasema kweli bwana, utani. Jina likarudi, Zuhura akaanza tena kunuswa. Yaani amelichukua jembe langu akanilimia mwenyewe. Nililala siku mbili bila kupika kahawa, na unajua mimi hata homa hainilazi.

Siku ya tatu nikanyanyuka nikasema sawa. Kama mdomo wangu hauna kesi, nitatumia kisicho mdomo.

Nikaenda mjini kwa Mhindi wa vifaa nikachukua fungu la glovu nyeupe kwa mkopo wa maneno matamu. Nikahamishia meza yangu mbele ya geti la karakana, usoni kabisa. Asubuhi Chilumba anashuka kwenye gari, mimi nasimama, shikamoo bosi. Nanyoosha mkono kwa adabu zote. Lakini kabla hajaushika, nasema samahani kidogo, natoa glovu mfukoni, naivaa pole pole, kidole kimoja kimoja, ndio nampa. Sisemi kitu. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake.

Mtu wa kwanza kuja mezani alikuwa Saidi Mrefu. Hakuagiza kahawa. Alisimama pale kama mlingoti, akaangalia viatu tena, halafu akasema, Komba, nipe na mimi moja. Nikamwambia ya kulia au ya kushoto? Akasema ya kusalimia. Nikajua mambo yameiva.

Wakavaa mmoja baada ya mwingine. Chilumba akipita karakana na kunyoosha mkono, fundi anasema subiri bosi, anavaa. Mlinzi wa getini anavaa. Mama anayewapikia ugali anavaa, ya kwake ina ua, alishona mwenyewe. Na hakuna aliyesema neno hata nusu. Akawaka, akauliza huu upuuzi gani, nitafukuza mtu. Saidi akamnyooshea kidole ukutani. Lile bango lenu jekundu, nadhani unalikumbuka, alilibandika yeye mwenyewe: Vaa glovu muda wote. Unamfukuzaje mtu kwa kutii bango lako?

Halafu ikaja Idi. Sala uwanjani, wewe unajua raha yake, watu wamenukia, kanzu zimepigwa pasi. Mimi na Ukatoliki wangu niko nje na birika, nasubiri watu watoke. Sala imekwisha, wanapeana mikono. Chilumba amevaa kanzu mpya nyeupe kama kigae kilichotoka kwako. Ananyoosha mkono kwa Saidi, Idi njema. Saidi anaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, anatoa glovu, anavaa. Idi njema na wewe. Anayefuata, glovu. Anayefuata, glovu. Mafundi wote wa karakana. Halafu nikaona wasio wa karakana nao, muuza nyanya, fundi baiskeli, wanaazimana ile moja, inapita mkono kwa mkono. Watoto wanauliza wazazi wao kwa sauti, baba kwani huyu ana nini mkononi? Na mzee mmoja akajibu kwa utulivu kabisa, ana samaki, mwanangu.

Jina likamhama mtu palepale uwanjani, Issa. Nililiona kwa macho linaondoka kwako linakaa kwake. Nilimwaga kahawa ya moto mguuni, sikusikia.

Alikuja kwangu jioni ya Idi. Hakuja na gari, alitembea. Akakaa kwenye benchi. Akasema, Komba, mtani, niambie unataka nini. Uso umemshuka, kanzu ile ya asubuhi imelowa kwapani. Ningekuwa na moyo wa wema ningemhurumia. Nikamwambia sitaki kitu, mimi chizi, maneno yangu hayana kesi.  Nikamwambia ila kuna ua wa karakana, kuna mkutano wa asubuhi, na kuna siku ulimsimamisha mtu pale. Mimi sitaingia. Nitabaki nje ya geti. Ukisema wakati mtani hayupo, hapo utakuwa umesema kweli.

Asubuhi yake nilikaa kwenye meza yangu. Shemeji alikuja, nilimwita mimi, na Zuhura na sare zake za shule. Geti likafungwa. Hatukusikia maneno, mbali kidogo, na jenereta lao linanguruma. Nikaona tu kwa upenyo wa geti watu wamejipanga na yeye mbele yao. Alisema kwa muda mrefu.   Halafu jenereta likazimwa, nani alilizima sijui, na ndipo tukasikia la mwisho tu: Issa alinikataza.

Geti likafunguliwa, wakatoka. Saidi mbele. Hana glovu, wote hawana. Akamfuata Zuhura, akampa mkono mtupu, akauinamia kama anasalimia bibi. Na wote nyuma yake. Zuhura aliwapa mkono mmoja mmoja. Shuleni sasa hakuna anayemnusa, na anayejaribu anaambiwa baba yake Zuhura ndiye aliyekataza.

Shemeji hajambo. Amenenepa kidogo, usimwambie nimesema. Anashika sahani kwa kucha, unaona ulivyotuharibu.

Sasa glovu. Uliniambia ile kanzu ya chuma kazi yake ni kuurudisha moto ulikotoka. Mimi ndio nimefanya hivyo tu, sijaongeza kuni. Wenzangu wamevua na nimewaambia ni sawa, wao wanafanya kazi naye. Shehe kaniita kaniambia Komba samehe, na padri naye kaniita, wamekubaliana hao wawili kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nimewasikiliza kwa heshima, wote wawili nikawapa kahawa. Lakini Chilumba akipita asubuhi, mimi bado navaa, na leo amepita sijaivua, ndiyo maana naandika nayo. Yeye amerudisha jina, wewe hajakurudisha. Ulienda kwenye lile shimo kwa sababu ya mdomo wake. Hiyo mkutano wa asubuhi hauitoi.

Nitaivua leo tu, kwa dakika chache. Nikimaliza kuandika nakwenda kaburini kwako, nanawa kwanza, naweka mkono mtupu kwenye udongo wako, mafuta yangu yote, karanga, kahawa na kila kitu. Ukibanduka shauri yako. Halafu navaa tena narudi getini.

Lala, mtumwa wangu. Babu yangu anamsalimia babu yako, mwambie ashuke sasa kwenye mkorosho, hakuna anayemkimbiza.

Na ahadi yangu hii hapa, uishike. Chilumba ni mtu mzima, presha anayo, na ni Mmwera, mtani wangu halali. Siku yake ikifika watamuosha, watamvisha sanda, watamweka kwenye jeneza, watainuka. Watanikuta nimelala mlangoni. Na sijaamua nitadai nini.

Mtani wako,
Komba